Robin Hood na Waandishi Wasiotajwa

Wahakiki tumezoea kuanza na jina la mwandishi. Je, jina lenyewe likiwa la bandia? Mwaka 1947 Ring Lardner Jr. aligoma kuijibu kamati ya Bunge la Marekani iliyomwuliza kama ni Mkomunisti. Mwaka 1950 akafungwa. Alipotoka, Hollywood haikumtaka tena. Aliyempa kazi ni Hannah Weinstein, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza filamu Uingereza. Lardner na mwenzake Ian McLellan Hunter, naye kapigwa marufuku, wakaiandikia televisheni *The Adventures of Robin Hood*, iliyoanza mwaka 1955. Miswada ilivuka bahari ikiwa na majina ya uongo.

Wapo wanaosema eti hizo ni hadithi za watoto tu. Mimi sikubali. Hebu tazameni maudhui: kodi za dhuluma, wachongezi, watu walioharamishwa na sheria. Na igizo hilohilo lilionyeshwa Marekani kwenyewe, na CBS! Ni kweli, waliandika kwa ajili ya mkate. Lakini njaa haikuwazuia kusema. Nadai basi kwamba uhakiki wa fani na maudhui, usipouliza nani alinyimwa haki ya kutia saini, umeisoma kazi nusu.