Kifua Kikubwa Bwawani: Mafundi Wawili Wasioulizana

Mwanamke mwenye matiti makubwa anayeogelea kwa mazoezi, kwenda na kurudi bwawani kwa nusu saa au saa nzima, akiingia duka la nguo za michezo hukuta nguo za namna mbili. Ya kwanza imezaliwa na mashindano: kitambaa kinachobana, mgongo uliokatwa ili mabega yawe huru, na mbele pamenyooka kana kwamba kifua hakipo. Ya pili imezaliwa na ufukwe: ina vikombe na waya, inapendeza mtu akiwa ameketi, lakini akijisukuma ukutani mara chache tu kamba zinateleza na maji yanajaa kifuani. Wengi hudhani kasoro ni ya mwili wake. Mimi nasema kasoro ni ya historia. Ufundi wa nguo ya kuogelea na ufundi wa sidiria ulikua katika miaka ileile, na kwa muda mrefu mafundi wa huku hawakuwauliza wa kule chochote.

Wanawake waliruhusiwa kushindana katika kuogelea kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1912, jijini Stockholm, ambako Fanny Durack wa Australia alishinda mita 100. Wakati ule maswali juu ya vazi la mwogeleaji wa kike yalikuwa mawili: je, lina heshima, na je, ni zito kiasi gani? Sufu iliyolowa iliburuta mwili chini, na hariri nyembamba waliyovaa Waingereza ilionyesha mno. Swali la tatu, kifua kitashikwa na nini, halikuulizwa. Miaka ishirini baadaye, Los Angeles mwaka 1932, Mwaustralia mwingine, Clare Dennis, alishinda mita 200 za mtindo wa chura akiwa na vazi la Speedo lenye mgongo wazi, na kukatokea malalamiko kwamba linaacha wazi sehemu kubwa mno ya mabega. Umbo lile la mgongo ndilo tulilorithi. Lilibuniwa kwa ajili ya mikono, nalo liliifaa mikono kweli.

Mwaka huohuo wa 1932, Marekani, kampuni ya S. H. Camp ilianza kutumia herufi A hadi D kueleza ukubwa wa matiti, na kabla ya muongo kwisha herufi hizo zilikuwa zimeingia katika sidiria za Warner. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Washona sidiria walikuwa wamegundua kwamba kifua kinahitaji vipimo viwili: mzunguko wa mbavu chini ya matiti, na ujazo wa matiti yenyewe. Walijua pia kwamba mzigo hubebwa na ukanda wa mbavuni, na kamba za mabegani husaidia tu. Nguo ya kuogelea ya mazoezi, hata leo, kwa kawaida huuzwa kwa namba moja tu. Matokeo yake ni ya kuumiza. Titi kubwa hula urefu wa kitambaa, hivyo kamba zinakata mabega. Mwanamke anachukua saizi ya juu ili mabega yapumue, na sasa nguo imelegea kiunoni na mbavuni, mahali hasa palipotakiwa kubana.

Nyuzi mpya zingeweza kuwakutanisha mafundi hawa. Lycra, iliyobuniwa mwaka 1958 katika maabara ya DuPont, awali ilitafutwa kwa ajili ya nguo za ndani za kubana. Lakini ilipofika bwawani ilitumika kulaza mwili. Mwaka 1973, katika mashindano ya dunia ya kuogelea jijini Belgrade, waogeleaji wa kike wa Ujerumani Mashariki walivaa mavazi yaliyoganda mwilini, bila kile kisketi cha mbele kilichokuwa cha kawaida kwa wengine, wakachukua dhahabu 10 kati ya 14. Sifa nyingi zilienda kwa vazi. Baadaye ilifahamika kwamba serikali yao iliendesha mpango wa dawa za kuongeza nguvu. Hata hivyo vazi lilienea. Mkondo huo ulifika kilele kwa vazi la Speedo la LZR Racer la mwaka 2008 na rekodi 43 za dunia zilizovunjwa katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009, ndipo shirikisho la kimataifa la kuogelea likayapiga marufuku mavazi ya plastiki kuanzia Januari 2010. Kanuni mpya zilikataza pia zipu na vifungo vya aina yoyote, na kuvaa zaidi ya vazi moja. Kwa mashindano, sawa. Lakini kulabu ya mgongoni ndiyo inayoruhusu ukanda wa sidiria kurekebishwa, na nguo za mazoezi zinazoigiza umbo la mashindano zimeibeba hasara hiyo bila kulazimishwa na kanuni yoyote.

Kuna watakaosema maji yenyewe hubeba kifua, kwa hiyo msaada wa nini? Ni kweli kwa nusu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo titi huelea. Lakini kinachoelea hakijatulia. Katika mtindo huru kiwiliwili huviringika huku na huku, katika mtindo wa chura kifua hupanda na kushuka, na kila msukumo wa ukutani hupeleka maji kwa nguvu ndani ya shingo ya nguo. Kinachohitajika majini ni kuzuia titi lisipande wala kwenda pembeni, kazi tofauti kidogo na ya nchi kavu. Wengine hushauri sidiria ya michezo ndani ya vazi. Inasaidia, na anayeona inamfaa asiiache. Ila huongeza kitambaa kinachokokota maji na mishono inayochubua makwapa, na klorini huiozesha lastiki yake upesi. Kuhusu dai kwamba wateja ni wachache, ninaona linageuza sababu kuwa tokeo. Sidiria ya michezo ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa Vermont mwaka 1977 na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, walioanza kwa kushona pamoja vikinga viwili vya sehemu za siri za wanaume. Kabla yake pia ilionekana kwamba wakimbiaji wenye kuihitaji hawapo.

Leo baadhi ya watengenezaji wa sidiria, hasa Uingereza, hushona nguo za kuogelea kwa vipimo viwili, na huko ndiko pa kuanzia kutafuta. Anayebaki na duka la kawaida atazame ndani kabla ya kutazama rangi: kuna ukanda halisi wa lastiki chini ya matiti, au bitana nyembamba inayoning'inia tu? Kamba ni pana, zinarekebishika, na zinakutana mgongoni badala ya kufungwa shingoni, ambako huvuta kila mkono unapopita? Shingo ya mbele iwe juu. Kitambaa cha poliesta aina ya PBT hustahimili klorini kuliko chenye Lycra nyingi, ingawa hakinyumbuki sana, kwa hiyo mwenye kifua kikubwa atafute toleo la kiwiliwili kirefu. Kisha, katika chumba cha kujaribia, anyooshe mikono yote miwili juu, ainame, aruke kidogo. Ukanda wa chini ukipanda juu ya mbavu, nguo hiyo ni pana mno kwake, hata kama mabegani inabana.