Injini ya Boti Kupata Joto Kupita Kiasi Baada ya Matengenezo Makubwa: Vyanzo na Hatua za Uchunguzi

Injini ya dizeli ya boti iliyofunguliwa yote, ikabadilishwa pistoni, ringi, beringi na gaskiti, kisha ikafungwa upya, hutarajiwa kufanya kazi kama mpya. Hata hivyo, si jambo geni injini ya namna hiyo kupata joto kupita kiasi katika safari zake za kwanza. Dereva wa gari hali hiyo ikimpata husimama kando ya barabara. Nahodha hana nafasi hiyo: boti iliyozimika husukumwa na upepo na mkondo, na katika msimu wa kusi inaweza kupelekwa kwenye miamba au mbali na pwani pamoja na wote waliomo.

Mara nyingi chanzo hakimo katika vipuri vipya, bali katika sehemu za mfumo wa kupoza ambazo hazikuguswa wakati wa matengenezo au zilirudishwa vibaya. Kwa sababu hiyo, uchunguzi unapaswa kuanzia pale maji yanapoingia botini na kufuata njia yake hadi yanapotoka, kabla ya kuifungua injini kwa mara nyingine.

Mfumo wa kupoza unavyofanya kazi

Injini nyingi za dizeli zinazofungwa ndani ya boti zina mizunguko miwili ya maji. Wa kwanza ni wa maji ya bahari au ziwa. Maji hayo huingia kupitia vali iliyo chini ya boti, hupita kwenye chujio, huvutwa na pampu yenye impela ya mpira, huingia kwenye kipozeo, kisha humwagwa kwenye kiwiko cha bomba la moshi na kutoka nje pamoja na moshi. Mzunguko wa pili ni wa maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Maji hayo huzunguka ndani ya injini na kukabidhi joto lake kwa maji ya nje ndani ya kipozeo. Joto la kawaida la injini hizi huwa takriban nyuzi 75 hadi 90 za Selsiasi.

Zipo pia injini zinazopozwa moja kwa moja na maji ya nje. Hizo huwekewa themostati inayofunguka mapema zaidi, kwenye nyuzi 60 hivi, kwa kuwa maji ya chumvi yakipata joto zaidi huacha magamba kwenye vijia vya injini. Fundi akikosea aina ya themostati, injini haitapozwa ipasavyo hata kama vipuri vingine vyote ni vipya.

Wakati wa dalili huonyesha chanzo

Joto likipanda mapema baada ya kuwasha, boti ikiwa bado imefungwa gatini, huenda pampu haivuti maji, themostati imefungwa kinyume, au hewa imenaswa kwenye mzunguko wa maji safi. Joto likiwa la kawaida katika mwendo wa taratibu na kupanda injini inapobeba mzigo, huenda njia ya maji imeziba kwa sehemu au rafadha haiendani na injini. Maji safi yakipungua bila kuonekana yanapovujia, na viputo vikitokea mfululizo kwenye tangi la maji hata baada ya hewa kutolewa, gaskiti ya silinda hedi ichunguzwe. Oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kuwa maji yamechanganyika nayo, na injini hiyo isiwashwe.

Hatua za uchunguzi

1. Kuhakiki geji. Kihisi kisicholingana na geji, au chenye waya uliolegea, hutoa kipimo cha uongo. Kipimajoto cha mkononi kikielekezwa kwenye nyumba ya themostati kitaonyesha hali halisi.

2. Kukagua mahali maji yanapoingilia. Mifuko ya plastiki baharini na magugumaji katika Ziwa Victoria huweza kuziba vali na chujio. Boti iliyokaa muda mrefu majini ikisubiri injini huota chaza kwenye tundu hilo.

3. Kufungua pampu ya maji ya nje. Impela iliyozungushwa bila maji, hata kwa muda mfupi, huungua na kukatika. Vipande vyake vyote vitafutwe, kwa kuwa husafiri na kuziba mirija ya kipozeo. Kubadilisha impela bila kuviondoa vipande hivyo hakumalizi tatizo.

4. Kukagua mipira ya maji. Mpira uliozeeka huweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umechanika, au ukajibana pampu inapovuta kwa nguvu.

5. Kusafisha kipozeo. Chumvi, kutu na mabaki ya vipande vya zinki vinavyokinga chuma dhidi ya kutu huziba mirija yake.

6. Kufungua kiwiko cha bomba la moshi. Masizi na chumvi hujikusanya humo na kuzuia maji na moshi. Sehemu hii husahaulika kwa sababu haihesabiwi kuwa ya injini yenyewe.

7. Kutoa hewa. Baada ya kujaza maji safi, vizibo vya kutolea hewa vifunguliwe hadi maji yatoke bila viputo.

Makosa ya wakati wa kufunga injini

Hatua hizo zisipotoa jibu, ndipo kazi ya ndani ichunguzwe. Vijia vya maji ambavyo havikusafishwa kabla ya kufunga hubaki na kutu na matope. Gaskiti iliyogeuzwa huweza kuziba matundu ya maji, na gundi nyingi kupita kiasi hufanya vivyo hivyo. Boliti za silinda hedi zisizokazwa kwa mpangilio na kipimo cha mtengenezaji huruhusu gesi ya moto kupenya kwenye maji. Muda wa kuchoma mafuta uliochelewa huongeza joto. Aidha, ringi na beringi mpya huwa na msuguano mkubwa zaidi mwanzoni, ndiyo maana injini hubebeshwa mzigo hatua kwa hatua katika saa zake za kwanza.

Rafadha nayo isisahaulike. Injini isiyofikia mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji hata mafuta yakifunguliwa yote, na inayotoa moshi mweusi, huenda imelemewa na rafadha kubwa au chini ya boti palipoota viumbe.

Joto likipanda safarini

Nahodha anapaswa kupunguza mwendo mara moja na kutazama kama maji yanatoka pamoja na moshi. Yakiwa hayatoki, au shinikizo la oili likishuka, injini izimwe. Bomba la moshi la mpira lisilopata maji huweza kuungua na kuwasha moto botini. Nanga iteremshwe ikiwa kina kinaruhusu, abiria wavae maboya, na msaada uombwe mapema.

Kifuniko cha tangi la maji kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yenye shinikizo huruka na kuunguza. Maji baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto. Chuma huweza kupasuka.

Kabla ya kurudi kazini

Injini iliyofungwa upya ijaribiwe ikiwa na mzigo, karibu na pwani, bila abiria, huku joto, shinikizo la oili na mizunguko vikiandikwa kila baada ya muda maalumu. Kumbukumbu hizo humsaidia fundi kubaini mabadiliko mapema. Kwa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Mmiliki aliyebadilisha injini au kuifanyia matengenezo makubwa anashauriwa kuwasiliana na mamlaka husika kuhusu ukaguzi kabla ya chombo kubeba watu.