Herode Hakujua Walikokwenda

Leo tunafungua Injili ya Mathayo, sura ya pili. Mwenye Biblia karibu na aiweke magotini, kwa maana tutakwenda polepole. Wakati wa Krismasi twaimba habari za wachungaji na malaika, na ni vyema. Lakini ile habari ya upanga na safari ya usiku mara nyingi twaipita upesi ili tufike kwenye pilau.

Kwanza tumjue Herode. Baraza kuu la Rumi lilimpa cheo cha mfalme wa Wayahudi mwaka 40 K.K., na miaka mitatu baadaye akautwaa Yerusalemu kwa msaada wa majeshi ya Kirumi. Alikuwa mjenzi hodari. Hekalu ambalo Bwana Yesu alifundisha ndani yake lilijengwa upya kwa amri yake, na bandari ya Kaisaria ni kazi yake pia. Hata hivyo kiti chake hakikumpa usingizi. Alimwua mkewe Mariamne. Mwaka 7 K.K. aliamuru wanawe wawili, Alexander na Aristobulus, wanyongwe. Na siku tano kabla hajafa yeye mwenyewe, mwaka 4 K.K., akaamuru mwana mwingine, Antipater, auawe. Hayo twayapata kwa Josephus, mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza. (Huenda msikilizaji akauliza: Herode alikufaje kabla ya Kristo, naye alitaka kumwua Kristo? Ni kwamba yule mtawa Dionysius, aliyepanga hesabu ya miaka yetu katika karne ya 6, alikosea kwa miaka michache.)

Josephus asema tena ya kwamba Herode aliweka wapelelezi mijini na barabarani, na kwamba ilisemekana hata yeye mwenyewe alivaa nguo za mtu wa kawaida na kujichanganya na watu usiku, ili asikie wanavyomsema. Zaidi ya hayo, moja ya ngome zake, iitwayo Herodium, ilisimama juu ya kilima kiasi cha kilomita 5 tu kutoka Bethlehemu. Mtu wa Bethlehemu alipotazama upande wa mashariki aliona nyumba ya mfalme. Hapo ndipo mwanachuoni Ehud Netzer alipotangaza mwaka 2007 kwamba amelipata kaburi lake.

Basi katika nchi ya namna hiyo wakaja wageni kutoka mashariki, wakaingia Yerusalemu, wakauliza hadharani habari za mfalme aliyezaliwa. Twasema wazi: mioyo yao ilikuwa safi, lakini swali lao ndilo lililoamsha hatari. Nyota waliyoiona kwao haikuwaondolea kazi ya kuuliza njia. Jibu lilitoka katika chuo cha nabii Mika, likasomwa na makuhani na waandishi, watu ambao wenyewe hawakutembea zile kilomita 9 hivi hadi Bethlehemu kumwona mtoto. Jambo hili limetushangaza siku zote. Wenye kitabu walibaki nyumbani, na wasio na kitabu wakaenda.

Herode hakutuma askari pamoja nao. Alikuwa mwerevu mno. Aliwaomba tu warudi wamwambie mahali alipo mtoto, na shauri lake lote lilitegemea jambo hilo moja: kurudi kwao. Wakaonywa katika ndoto, nao wakashika barabara nyingine kwenda kwao.

Sasa, kwa nini Misri? Wengi husema ni kwa sababu Misri ilikuwa nje ya mamlaka ya Herode, na hiyo ni kweli. Misri ilikuwa jimbo la Rumi tangu mwaka 30 K.K. Lakini liko neno ambalo wahubiri hulisahau. Josephus aandika kwamba Kaisari Augusto alimpa Herode haki ambayo hakuna mfalme mwingine aliyekuwa nayo, yaani kuwadai watoro wake hata kutoka nchi zisizokuwa chini yake. Hata njia yenyewe haikuwa salama. Gaza, mji uliokuwa kwenye barabara ya kawaida ya kwenda Misri, Kaisari alikuwa amekwisha kumpa Herode. Kwa hiyo mpaka peke yake haukuwa ngao. Ngao ilikuwa hii, kwamba Herode hakujua. Hakujua nyumba, hakujua jina la seremala, hakujua wamepita wapi. Mfalme mwenye masikio kila barabara alikosa habari moja, kwa kuwa wageni wachache walikubali kunyamaza na kuchukua njia ya pili.

Tena Misri ilikuwa na mahali pa kujificha. Philo, Myahudi wa Iskanderia, aliandika kwamba mji ule uligawanywa katika mitaa mitano, na miwili kati yake iliitwa ya Wayahudi. Maandiko ya Kiebrania yalikuwa yamekwisha kutafsiriwa huko kwa Kiyunani kabla ya siku za Yusufu. Mtu na mkewe na mtoto mdogo, wenye lafudhi ya nyumbani, hawakuwa kioja katika nchi ile. Mathayo hatuambii walikaa mji gani. Wakristo wa Misri, hao Wakopti, huonyesha hadi leo mahali pengi ambapo mapokeo yao husema familia ile ilipumzika, nao huona fahari kwamba nchi yao ilimpokea Bwana alipokuwa mkimbizi. Wasikilizaji wetu walioko Kakuma na Dadaab hawahitaji kuelezwa maana ya kuamshwa usiku, kumfunga mtoto mgongoni, na kuacha jungu jikoni.

Angalieni pia jinsi Yusufu alivyoongozwa. Hakupewa ramani. Aliambiwa aondoke, akae huko mpaka atakapoambiwa tena. Hakuambiwa ni miezi mingapi. Herode alipokufa aliambiwa arudi nchi ya Israeli, bila kutajiwa mji. Njiani akasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake, akaogopa. Na hofu ile haikuwa ya bure. Pasaka ile ya mwaka 4 K.K., asema Josephus, askari wa Arkelao waliua watu kama 3,000 katika eneo la hekalu. (Mwaka 6 B.K. Augusto mwenyewe alimwondoa na kumpeleka uhamishoni Galia, nchi tuiitayo leo Ufaransa.) Ni baada ya hofu hiyo ndipo ndoto nyingine ilipokuja, naye akageukia Galilaya. Hatudhani Mungu alimkemea kwa kuogopa. Masikio yake na akili yake vilitumika pamoja na ndoto.

Wala Galilaya haikuwa bustani. Katika ghasia zilizofuata kifo cha Herode, jeshi la Varo, liwali wa Shamu, liliuchoma mji wa Sepphoris na kuwauza watu wake utumwani. Ndivyo aandikavyo Josephus. Kutoka Nazareti hadi Sepphoris ni mwendo wa kama kilomita 6 tu. Mtoto Yesu alikua karibu na mji wenye habari za majivu, na majirani ambao ndugu zao walikuwa wamechukuliwa.

Twaja sasa kwenye jambo zito, ambalo hatupendi kulipita. Watoto wa Bethlehemu hawakuamshwa na malaika. Bethlehemu kilikuwa kijiji kidogo, na wanachuoni wengi hukadiria kwamba waliouawa hawakuzidi ishirini au thelathini. Ile hesabu ya 14,000 inayotajwa katika ibada za kanisa la mashariki ni ya baadaye sana. Lakini kwa mama aliyekuwa na mmoja, hesabu haina kazi. Mzazi aliyezika mtoto hawezi kusikia habari za ndoto ya Yusufu pasipo kuuliza habari za nyumba ya jirani.

Mathayo hakuificha nyumba ya jirani. Angeweza kumaliza sura yake kwa shangwe ya waliookoka. Badala yake alifungua kitabu cha Yeremia, sura ya 31, akamleta Raheli, ambaye kaburi lake huonyeshwa hadi leo kwenye njia ya kuingia Bethlehemu, akamwacha alie, wala hakumwambia anyamaze. Kanisa la magharibi nalo liliweka siku ya watoto hao kuwa tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, wakati wengi wetu tungali mashambani na wageni hawajaondoka.

Na yule mmoja aliyeponyoka hakuponyoka daima. Aliwekwa kwa ajili ya saa nyingine. Katika Injili hii ya Mathayo ndoto zajaa mwanzoni, kisha zanyamaza kwa sura nyingi, hata asubuhi ile ya hukumu. Hapo yumo mwotaji wa mwisho, mke wa Pilato. Alimpelekea mumewe ujumbe, akiwa ameketi katika kiti cha hukumu, ya kwamba asijihusishe na mtu yule mwenye haki. Ujumbe ulifika kwa wakati. Pilato aliusikia, akaagiza maji, akanawa mikono mbele ya mkutano, na askari wakamchukua Yesu.