Kabla ya Kidonge: Funzo la Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba tu baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Waliporudishwa makwao hali hiyo ikaingia kijiji cha Nshamba na kuwapata watu 217, kisha ikafika shule nyingine karibu na Bukoba. Dunia inakumbuka vicheko tu. Lakini baadhi ya wagonjwa walihangaika, wakapambana na waliowashika, wakasema kuna mtu anawakimbiza. Aliyewaona kwa dakika tano angeapa kwamba wamepata wazimu.

Na dawa za wazimu zilikwisha kuwapo duniani: klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958. Hata hivyo, Rankin na Philip, madaktari walioandika habari za mlipuko huo mwaka 1963, hawakuhukumu kwa dalili za nje. Damu na maji ya uti wa mgongo vilipimwa, chakula kikachunguzwa. Haikuonekana sumu wala vijidudu. Wakahitimisha kuwa ni mhemko uliosambaa kutoka mtu hadi mtu. Hakuna aliyekufa. Thamani ya Kashasha, kwa maoni yangu, iko katika utaratibu huo: chanzo hutafutwa kwanza, kwa sababu dawa hizo za wazimu zina gharama mwilini. Huleta usingizi mzito, kukakamaa kwa shingo na viungo, mitetemeko, na zikitumika kwa miaka mingi huweza kuacha midomo na ulimi vikichezacheza hata baada ya kuachwa. Klozapini, inayosaidia pale nyingine zinaposhindwa, huweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Bila kupima damu mara kwa mara, si salama.

Wapo watakaosema mgonjwa anayetishia kujidhuru hawezi kusubiri vipimo. Ni kweli, na atulizwe mara moja; ila sindano ya dharura haiondoi wajibu wa kuuliza kesho yake kama ni malaria ya ubongo, kifafa, pombe au ugonjwa wa akili wa skizofrenia. Wengine watasema madhara hayo yanatosha kuziacha dawa kabisa. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mlipuko wa Kashasha ulipita. Skizofrenia kwa wengi haipiti hivyo, na anayeacha dawa ghafla yumo katika hatari kubwa ya kuugua upya. Kwa hiyo mgonjwa wa skizofrenia wa Muleba anastahili dawa isiyokatika, dozi ndogo kadiri inavyomfaa, na mhudumu anayemchunguza mwili kila anapokuja kuichukua. Familia nayo iambiwe dalili za madhara mapema, ili kukakamaa kwa shingo kuwapeleke zahanati, kusiwafanye watupe vidonge.