Ababari wa Gusii na Wakati Ndani ya Ubongo

Katika nyanda za juu ambazo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, Abagusii walikuwa na wapasuaji wa kichwa walioitwa ababari (umoja: omobari), na kazi yao kuu ilikuwa kumtibu mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyokoma. Omobari alipasua ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo hadi ufunguke, huku akijihadhari asiutoboe utando mgumu unaoufunika ubongo, kisha akalitunza jeraha kwa dawa za mitishamba. Kujihadhari huko ndiko kulikokuwa kiini cha ujuzi wake, kwa kuwa utando ukitoboka maambukizi hupenya hadi ubongoni. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliichunguza tiba hiyo na kuandika juu yake mwaka 1967, lakini kichwa cha andiko lake kiliwahesabu ababari kuwa waganga wa tamaduni za kijima, sifa isiyowatendea haki watu walioujua vyema mpaka wa kisu chao.

Kilichokuwa chini ya utando kilizidi kueleweka katika enzi hiyohiyo. Mwaka 1949 Donald Hebb, naye wa Kanada, alipendekeza kwamba seli ya neva inayoshiriki tena na tena kuiamsha nyingine huimarisha kiungo kilicho kati yao, kiungo ambacho wanasayansi hukiita sinapsi. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walionyesha katika ubongo wa sungura kwamba uimarikaji wa namna hiyo hudumu kwa saa nyingi. Hata hivyo, ilipofika miaka ya 1997 na 1998, majaribio ya Henry Markram na wenzake, na yale ya Guo-qiang Bi na Mu-ming Poo, yalidhihirisha kwamba kukutana kwa ishara hakutoshi, bali mfuatano wake ndio unaoamua: ishara ya seli inayotuma ikitangulia ile ya seli inayopokea kwa milisekunde chache, kwa kawaida zisizozidi 20 hivi, sinapsi huimarika, na ikichelewa ikaja nyuma yake, sinapsi hudhoofika. Hivyo mtandao wa ubongo hujisuka kwa kufuata nani alitangulia na nani alifuata, tena katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Maarifa haya yanatoa mwanga juu ya wagonjwa walewale waliomwendea omobari. Pigo la kichwa, hata lisipovunja mfupa, laweza kuzivuta na kuzichana aksoni, yaani nyuzi ndefu zinazosafirisha ishara kutoka seli hadi seli, na uzi ulioumia huipeleka ishara polepole au huipoteza kabisa. Hapo ndipo kumbukumbu, umakini na wepesi wa viungo hupungua kwa mtu ambaye jeraha lake la nje limekwisha kupona, na mazoezi ya tiba hurudia tendo lilelile mara nyingi, ili sinapsi zinazohusika zipate tena kuimarika.