'Kati Kati', nyumba ya wafu nyikani

Baadhi ya filamu za kutisha za Wazungu huitegemea theluji. Katika 'The Shining' (1980), yake Stanley Kubrick, familia moja imebaki pekee hotelini milimani, barabara zimefungwa, na hofu yaingia polepole.

Kenya nayo ina filamu yenye kukaribiana na hiyo, japo pasipo theluji. 'Kati Kati', iliyoelekezwa na Mbithi Masya wa bendi ya Just A Band, ilizinduliwa katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada, mwaka wa 2016 na kutuzwa na wahakiki wa kimataifa. Mwaka uliofuata iliwasilishwa kuiwakilisha Kenya katika Oscar. Ni fupi, dakika 75 tu.

Kaleche (Nyokabi Gethaiga) anazinduka nyikani asikumbuke lolote. Anaifikia hoteli iliyo pweke, ambako Thoma (Elsaphan Njora) anamfahamisha kwamba yeye ni maiti, sawa na wenyeji wote wa hapo. Jina la mahali hapo latosha kueleza: hawako duniani, wala ahera hawajafika.

Wanaozuiliwa hapo hawazuiliwi na baridi, bali na waliyoyatenda wakiwa hai wasiyotaka kuyakiri. Miongoni mwao yumo kasisi anayeandamwa na ghasia za baada ya uchaguzi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo filamu inapotisha kuliko mizuka yoyote. Mtazamaji wa Likoni anayeyakumbuka mashambulizi ya Agosti 1997 hatahitaji kufafanuliwa.