Chembe Shirika: Fononi Ndani ya Chumvi ya Uvinza

Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikiuzwa Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika zamani sana kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Punje yake moja yatosha kueleza istilahi inayowatatiza wanafunzi wengi wa fizikia: fononi.

Punje hiyo ni fuwele. Ndani yake ioni za sodiamu na za kloridi zimepangwa kwa zamu, kila moja ikivutwa na jirani zake. Ukipasha joto upande mmoja, ioni hazihami. Hutetemeka tu, na kwa kuwa zimeshikana, mtetemo huenea katika fuwele nzima kama wimbi. Fizikia ya kwanta inatufundisha kwamba wimbi hilo hutoa na kupokea nishati kwa mafungu yasiyogawanyika. Fungu moja ndilo fononi, jina alilolitoa mwanafizikia Yakov Frenkel mwaka 1932 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya sauti.

Fononi hubeba nishati, huelekea upande maalumu, hugongana na fononi nyingine, hutawanywa na uchafu ulio ndani ya fuwele. Chumvi, tofauti na chuma, haina elektroni huru, kwa hiyo joto lake husafirishwa na fononi. Bertram Brockhouse wa Kanada alizipima kwa kurusha nyutroni kwenye fuwele na kuangalia nishati ambayo nyutroni hizo zilipoteza au kupata. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Hata hivyo, tia chumvi kwenye mchuzi wa migebuka. Ioni zote zimo chunguni, lakini fuwele imevunjika na fononi zake zimekoma.

Tuiiteje basi jamii nzima ya vitu vinavyotenda kama chembe kwa namna hii, pamoja na magnoni, yaani mafungu ya mawimbi ya ndani ya sumaku? “Chembe bandia” silikubali: kitu bandia hudanganya, na joto linaloletwa na fononi linaunguza kweli. “Mithili ya chembe” lina haki zaidi, ila lataja sura na kuacha asili. Napendekeza chembe shirika. Mali ya shirika haina mwenyewe mmoja, na fononi nayo haimilikiwi na ioni yoyote peke yake. Huzaliwa na zote kwa pamoja.

Fononi ibaki fononi, kama tulivyopokea atomu na elektroni. Walimu wa fizikia, lijaribuni neno chembe shirika darasani, na mwenye lililo bora alilete.